Zawadi ya kibodi imenivuruga vidole, nirudi nilikotoka?

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mhazili, nina miaka 43, nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili hapa Tanga. Uhazili niliusomea kwenye taipureta, mwalimu akitufunika mikono kwa kitambaa tusione herufi, tukiimba a-s-d-f mpaka ndotoni. Kabla ya mambo nitakayokueleza nilikuwa nachapa maneno 62 kwa dakika, na siku wakili akiwa na haraka nafika 70. Kazi hii nina miaka 20 nayo. Mama yetu alitangulia mapema, kwa hiyo ada ya mdogo wangu wa kiume, kidato cha kwanza hadi cha sita, ilitoka kwenye vidole hivi.

Tunachapa viapo, hati za mauziano ya viwanja, na kuliko vyote mikataba ya pikipiki. Mwenye chombo anamkabidhi kijana wa bodaboda, kijana analeta hesabu kila siku, muda ukitimia chombo kinakuwa chake. Kuna siku nachapa mikataba kumi ya namna hiyo.

Tangu mwaka jana mkono wa kulia unanisumbua. Usiku wa manane naamka dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, naukung'uta mkono mpaka damu irudi. Duka la dawa walinipa vidonge na dawa ya kuchua. Napata nafuu siku mbili tatu, halafu kunarudi kulekule.

Mdogo wangu sasa yuko Toronto, anaandika programu za kompyuta. Alipokuja likizo nikamweleza. Alivyorudi akamtuma mtu aniletee kibodi ambayo sikuwahi kuiona. Imekatwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa waya, batani zimepangwa wima kama safu za mihogo, na hazina herufi hata moja juu yake. Ndani yake alikwisha kuweka mpangilio mwingine wa herufi, unaitwa Dvorak. Akaniambia, "Dada, ile QWERTY yenu, mpangilio wa kawaida wa herufi, ilitengenezwa makusudi kuwachelewesha watu. Mimi nina miaka sita na hii na mikono imepona." Bei yake aligoma kuitaja, lakini binamu yetu alinidokeza. Dada, ni karibu mshahara wangu wa miezi miwili.

Basi nikaanza. Kila usiku baada ya kula nakaa nusu saa. Siku ya kwanza neno pekee lililotoka sawa lilikuwa "mama". Nilicheka peke yangu, halafu nikalia kidogo. Leo ni wiki ya sita na nimefika maneno 19 kwa dakika.

Wiki iliyopita nikajipa moyo nikaenda nayo ofisini. Ilikuwa aibu. Neno langu la siri la kompyuta kumbe vidole ndivyo vilikuwa vinalijua, mimi mwenyewe silijui. Ikabidi nirudi kwenye kibodi ya zamani, nilichape polepole na kuliandika kwenye karatasi. Kunakili na kubandika, kazi ya mkono mmoja siku zote, sasa natafuta batani kama kipofu. Binti aliyekuja fildi, anayechapa kwa vidole viwili, akanipita kwa mikataba minne. Bosi ni mtu mpole, alisema tu, "Mama, hiyo kibodi imepasuka au ndivyo ilivyo?" Ofisi nzima ikacheka.

Siku ya tatu nikairudisha nyumbani, nikashika ya zamani, na hapo ndipo nilipoogopa. Nayo vidole vilikuwa vinasitasita. Nikachapa "mdai" palipotakiwa "mdaiwa". Wakili aliliona kabla karatasi hazijaenda mahakamani, ila aliniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia. Sasa nimekuwa popo, si ndege si mnyama. Na juu ya yote, kidole cha shahada cha kushoto, ambacho hakikuwahi kuniuma, kimeanza kuuma.

Mdogo wangu anapiga kila Jumamosi. Anauliza, "Vipi kibodi?" Namjibu, "Naendelea vizuri." Namdanganya mtoto niliyemlea. Je, nivumilie mpaka kasi irudi? Niiache kabla sijapoteza kazi? Na yeye nimwambieje?

Mhazili, Tanga

* * *

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeweka vidole mezani, nachapa hewani ili nione unachokisema. Mimi nami nimepitia kitambaa hicho, na kengele ya taipureta mwisho wa mstari bado naisikia nikiwa na homa.

Unaniuliza uvumilie au uache, kana kwamba jambo ni moja. Mimi naona manne yamefungwa kwa kamba moja: mkono unaouma, kibodi iliyokatwa vipande, herufi zilizohamishwa, na mdogo wako. Nahisi kinachokuchosha ni kule kuyabeba yote kwa mpigo.

Tuanze na mkono, maana umeupitia haraka kuliko kibodi. Ganzi ya usiku kwenye dole gumba, shahada na kidole cha kati, ikikuamsha mpaka uukung'ute mkono, inafanana sana na kubanwa kwa mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo unapita kwenye kipenyo chembamba ndani ya kifundo cha mkono na kwenda kwenye vidole hivyohivyo ulivyovitaja. Sikupimi kwa barua. Ninachouliza ni hiki: katika mwaka mzima, kuna daktari aliyekushika mkono huo? Kuchapa kunaweza kuchangia, lakini tatizo hili huja pia na kisukari, na tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, na hata ujauzito. Hayo hayaponi kwa kuhamisha herufi. Daktari anaweza kukupa kitu kidogo tu cha kufunga kifundo kikae kimenyooka usiku, na wengi kinawasaidia. Ukiachwa miaka, mshipa uliobanwa unaweza kudhoofisha dole gumba, ukaanza kuangusha vikombe. Kwa hiyo kibodi yoyote utakayoishika, hospitali isingoje.

Na hebu jiangalie mchana wako wote. Nazi unaikuna wewe? Usiku ukishamaliza mazoezi unajibu meseji kwa dole gumba muda gani? Meza ya ofisini ilitengenezwa kwa ajili ya kuandikia kwa kalamu? Nyingi ziko hivyo, juu mno, mtu anachapa mabega yamepanda masikioni. Ile kibodi ya zamani ina vijiguu viwili kwa nyuma, na karibu kila ofisi nimevikuta vimesimamishwa. Vinakunja kifundo kuelekea juu siku nzima. Vilaze. Hilo halina gharama wala halihitaji wiki sita.

Sasa kibodi yenyewe. Mdogo wako alikutumia vitu viwili ndani ya boksi moja, na sina hakika kama alikueleza hivyo. Kule kukatwa vipande kunahusu mkao. Unaweka kila kipande mbele ya bega lake, kifundo kinanyooka, hakipindi kuelekea kidole kidogo kama kinavyolazimika kwenye kibodi nyembamba. Dvorak inahusu jambo jingine, yaani kidole gani kinafanya kazi gani na kinatembea umbali gani. Kwa maumivu ya kifundo, mimi ningeutazama mkao kwanza. Na vitu hivyo viwili vinaachana: mwili wa kibodi ile unaweza kuvaa herufi za zamani.

Kuhusu ile hadithi ya kuwachelewesha watu, usiibebe kama ushahidi wa mahakamani. Christopher Latham Sholes, wa Milwaukee kule Marekani, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine yake ya kuchapa mwaka 1868, na kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Alihamisha herufi mara nyingi njiani, na wanaochunguza habari zake mpaka leo wanabishana kwa nini zilitulia pale zilipo. August Dvorak, profesa wa Seattle, alipata hataza ya mpangilio wake na mwenzake William Dealey mwaka 1936. Jeshi la Majini la Marekani liliusifia mno mwaka 1944. Kisha mwaka 1956 mtafiti Earle Strong akawapima wachapaji wa serikali waliohamia Dvorak, na sifa nyingi zikapungua. Cha kukuhusu wewe kwenye jaribio hilo ni hiki: ili tu kurudia kasi yao ya zamani, wachapaji hao walihitaji zaidi ya siku 25, kila siku mazoezi ya saa 4. Hizo ni saa 100 na ushee. Nusu saa kila usiku kwa wiki sita ni saa 21. Maneno 19 kwa dakika si dalili kwamba umezeeka, mdogo wangu. Hujafika hata robo ya njia, na umeitembea ukiwa umechoka, baada ya kuosha vyombo.

Lakini kuna jambo limenifurahisha mpaka nikamwita mwanangu aje aone. Ni kile kidole chako cha shahada cha kushoto.

Chukua neno lako la kila siku, pikipiki. Kwenye Dvorak, P iko ilipokuwa R, I iko ilipokuwa G, K iko ilipokuwa V. Batani hizo zote tatu ni za kidole kimoja, shahada ya kushoto. Yaani herufi nane mfululizo, kidole kimoja kinapanda na kushuka kama mtu mmoja anayebeba magunia huku wenzake tisa wamekaa kivulini. Kwenye mkataba mmoja neno hilo liko mara ngapi? Mara ishirini? Mikataba kumi kwa siku? Kidole kisingeuma ningeshangaa. Ongeza na "ku" na "ki" zetu zote, kulipa, kijana, kukabidhi, kiapo. U nayo ni ya kidole hichohicho.

Dvorak alikuwa anapima Kiingereza. Huko K ni herufi ya nadra, akaitupa pembeni chini. Mdogo wako naye anaandika programu, na programu huandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Aliposema mikono yake imepona alisema kweli, ila hachapi pikipiki.

Nisiidhulumu. Irabu zote tano ziko mkono wa kushoto na konsonanti nyingi ziko wa kulia, na Kiswahili ni lugha ya kupokezana. Chapa "hati" au "shahidi" kwenye Dvorak uone, mikono inapishana kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Hiyo raha ipo, na huenda umeshaionja. Wala ya zamani si malaika: "huyu" yote ni shahada ya kulia, "muhuri" herufi nne za mwanzo ni hiyohiyo, na pikipiki yenyewe iko mkono wa kulia mtupu, japo angalau vidole viwili vinagawana. Upo mpangilio wa tatu, Colemak, alioutoa Shai Coleman mwaka 2006, unahamisha batani 17 tu na kuacha zile za kunakili na kubandika mahali pake. Pikipiki huko inagawanyika vizuri. Ila M, N, K, L, H na J zote zinaangukia shahada ya kulia, kwa hiyo "mkataba" unaanza kwa kujikwaa, "njia" pia, "mlango" pia. Na kwenye yote mitatu, A imebaki kwenye kidole kidogo cha kushoto, sisi ambao kwenye "mahakama" nusu ya neno ni A! Ndiyo sababu "mama" ilitoka sawa siku ile ya kwanza. A na M ndizo herufi mbili pekee ambazo Dvorak hakuzihamisha.

Basi njia unazo zaidi ya mbili. Unaweza kubaki na vile vipande viwili na kurudisha herufi ulizozijua. Kwa kawaida kibodi za aina hiyo huhifadhi mpangilio ndani yake, kwa hiyo mdogo wako anaweza kukutumia faili na kukuelekeza namna ya kuiweka. Usibadilishe na mpangilio wa kompyuta wakati huohuo, utapata mchanganyiko usiosomeka. Hata hapo kuna siku za kujikwaa, maana safu ni wima na batani kadhaa zimehamia kwenye dole gumba. Dole gumba nalo ni sehemu ya mkono unaouma, lisibebeshwe kila kitu. Wanaojifundisha wenyewe husumbuliwa na B, wamezoea kuifuata kwa mkono wa kulia na sasa iko kipande cha kushoto. Wewe wa kitambaa sidhani.

Unaweza pia kuendelea na Dvorak, lakini nyumbani tu, bila kuipeleka ofisini mpaka ifike kasi usiyoionea aibu. Hesabu ya saa nimekupa, na hesabu ya pikipiki nimekupa. Kuna watu wanaoipenda kwa dhati, siwezi kukuambia hutakuwa mmoja wao. Au unaweza kuiweka kabatini kwa sasa, ukashughulikia meza, kiti, na vipumziko. Hatari ya njia hii ni kwamba inafanana mno na ulivyoishi mwaka mzima uliopita, na mkono ulikuwa unauma.

Lolote utakalolichukua, kwenye Word kuna sehemu ya kusahihisha maneno yenyewe yanapochapwa. Ifundishe kwamba "pkk" ni pikipiki, na kifupi kingine kilete ile sentensi nzima ya viapo, kuanzia "naapa na kuthibitisha kama ifuatavyo". Mchapaji wa mikataba inayofanana akitumia vifupi anaokoa vidole vyake kuliko mpangilio wowote utakavyomwokolea. Hapo hata yule binti wa fildi atakuja kuuliza umefanyaje.

Hofu ya kuwa popo naielewa. Niliwahi kufanya kazi Kigoma na mama mmoja kutoka Bujumbura, amefundishwa kwenye kibodi ya Kifaransa, ambayo A iko mahali petu pa Q. Wiki ya kwanza kila barua yake ilianza na "hqbqri". Tulimtania sana. Baada ya miezi michache alikuwa anahama kati ya hizo mbili bila kufikiri. Waliojifunza mipangilio miwili wengi husimulia kwamba ikiwa kila mpangilio una kibodi yake yenye umbo lake, vidole hutambua viko wapi, mradi ule wa zamani usiachwe kabisa. Wewe ulirukaruka kati ya kibodi mbili katikati ya wiki ya kazi, bosi akiangalia. Halafu lile la mdai na mdaiwa, una hakika lilikuwa la kibodi? Nimewaona mawakili wakilifanya kwa kalamu. Ulikuwa siku ya tatu ya aibu, na usiku mkono unakuamsha.

Na bosi, je, anajua kwamba unaumwa? Barua yako yote sioni mahali ulipomwambia. Anachokijua ni kibodi iliyopasuka. Inawezekana ukimwambia akaanza kuhesabu siku zako, hilo lipo, unamfahamu kuliko mimi. Inawezekana pia akanunua kiti.

Nimemwacha mdogo wako mwisho kwa sababu ndiye mzito kuliko wote. Unasema unamdanganya mtoto uliyemlea. Lakini yule si mtoto tena, ni mtu mzima aliyeona mkono uliomlipia ada umekufa ganzi, akatafuta kitu cha kufanya kutoka mbali. Ukimjibu "naendelea vizuri" unamzuia kukusaidia kwa jambo analolijua kuliko sisi sote. Je, unaogopa atavunjika moyo, au unaogopa wewe kuwa dada anayeshindwa na kitu? Sijui. Jiulize ukiwa umetulia. Akisikia kwamba umeiacha kabisa huenda ataumia. Akisikia habari ya pikipiki na kidole kimoja, mimi nadhani atafungua kompyuta kabla simu haijakatika, maana watu wa kazi yake hawawezi kuona fumbo kama hilo wakalala.

Jumamosi hii kabla hajapiga, kama una nafasi, weka vile vipande viwili kwa upana wa mabega na uchape ukurasa mmoja wa mkataba halisi, kisha mwingine kwenye ya zamani iliyolazwa vijiguu. Usipime kasi. Andika kwenye daftari kidole gani kimelalamika na baada ya dakika ngapi, na usiku andika kama ganzi imekuamsha. Msomee mdogo wako. Daftari hilohilo uende nalo hospitali.